Dole Gumba la Kulusum

Nikianza na chakula msinilaumu. Maisha ya Kulusum yalianzia jikoni na yakaharibikia jikoni, na hayo ya tuzo na kupigwa picha Kampala yalikuja katikati tu, wala hakuyaomba. Watu wa redio wakija kumhoji huanza na tuzo. Wanakaa, wanaweka simu mezani irekodi, wanaletewa chai. Wanauliza maswali yao yote, wanacheka naye vizuri, wanaaga. Chai inabaki pale pale. Anayeimwaga ni mimi, jirani yake, Kevina fundi cherehani, mzaliwa wa Ajia na mkazi wa Arua tangu Arua haijaitwa jiji.

Na msishangae Kiswahili changu. Marehemu mume wangu aliendesha malori ya Mombasa, na alipokufa aliniachia cherehani, nyumba yenye ufa ukutani na Kiswahili chake. Kulusum hunitania kwamba mimi mtu wa Ajia naongea kama tangazo la bandarini. Yeye chake ni cha Koboko, cha Wanubi, kimepita jeshini na sokoni na hakina muda wa kuvua viatu mlangoni.

Huko Koboko ndiko alikozaliwa, katika ukoo ambao wazee wake walikuja na jeshi kutoka Sudan zamani hizo, wakaoa, wakabaki. Alikuwa mtoto mdogo vita ilipofika na West Nile yetu nzima ikajitwika magodoro kuvuka mipaka. Wao walivukia Sudan. Kambini ndiko alikojifunza kuigiza, ingawa hakuna aliyeiita kazi ile hivyo. Alikuwa akimwiga ofisa wa kugawa mahindi, jinsi alivyovuta suruali juu na alivyojikuna sikio kabla ya kusema hapana, na wanawake kwenye foleni walicheka wakasahau jua. Siku moja ofisa mwenyewe akatokea nyuma yake. Watu wakanyamaza. Kulusum badala ya kukimbia akaendelea mpaka mwisho. Yule mzee akajikuna sikio, mtoto naye akajikuna, basi mzee wa watu akashindwa, akacheka, akamwongezea bakuli la maharage.

"Toka ile siku mimi iko najua," huniambia. "Ukimfanya mutu vizuri, anakupa chakula."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi tangu haya yatokee, na kila nikiyakumbuka roho inaniuma.

Waliporudi nyumbani alikuwa mwali. Akaolewa hapa Arua na Fadhul, muuza nyama, mtu mpole aliyeongea na mbuzi kabla ya kuwachinja. Wakapata binti mmoja, Zuhurah. Kisha Fadhul akafa kwa kifua, na Kulusum akabaki na mtoto na masufuria. Masufuria aliyajua. Arusi ikiwa ya Waislamu, mpishi alikuwa Kulusum, na ikiwa ya Wakatoliki, mpishi ni yeye huyo huyo. Msibani, kwenye ubatizo, kila palipowashwa moto mkubwa, ungeikuta kanga yake imefungwa kiunoni na mwiko mkononi.

Na kwetu huku mpishi haitwi kwa sababu ya chumvi tu. Anaitwa kwa sababu ya mkono. Watu wa hapa wanaogopa sumu, na sisemi wanaogopa ovyo, maana kila ukoo una msiba wake ambao haujaelezwa. Ndiyo maana mwenyeji akikupa kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako, anameza, ndipo anakukabidhi. Asipoonja, mgeni atakishika kikombe mpaka chai ipoe na hutakuwa na la kumlaumu. Kukabidhiwa sufuria za arusi nzima ni kukabidhiwa roho za watu. Kulusum alikuwa anaonja, anameza, anasema, "Karibuni, mkono ni mweupe," na umati unakula bila kuwaza. Hilo ndilo lilikuwa jina lake mjini kabla hajawa na jina lingine.

Kwenye arusi hizo ndiko alikokutana na Afedra, mpiga video. Maharusi wetu hawafiki kwa wakati, mnajua wenyewe, na katika kuwangoja Kulusum alikuwa akiwaiga wageni. Alimwiga shangazi anayelia kwa jicho moja, huku la pili linatafuta nyama ilikowekwa. Alimwiga mwenyekiti asiyetaka kuachia kipaza sauti. Afedra akaanza kumrekodi kwa utani, na utani ukamnogea, mpaka siku moja akamwambia, "Mama, mimi iko na hadithi."

Filamu za kwanza zilikuwa ndogo. Aliigiza mama mkwe, akaigiza nesi mkali, akaigiza mjane anayedhulumiwa shamba. Watu waliziweka kwenye simu na kwenye vibanda vya video, hapa Arua, Koboko, hata Ariwara ng'ambo kule Kongo. Watoto wakimwona njiani walimwita majina ya humo na yeye akawajibu kwa sauti za humo. Miaka hiyo kuigiza kulimpa raha tupu. Siku za kazi anapiga filamu, Jumamosi anapika arusi, na jioni anakaa kibarazani kwangu akinisumbua nikiwa napiga pindo.

Kisha Afedra akaja na "Kikombe cha Mgeni." Kulusum angekuwa mjane mkarimu ambaye kila mgeni wake hafiki kesho. Afedra alikuwa ameandika kwamba mjane huyo anatoa kichupa chenye picha ya fuvu kutoka kifuani, anatazama huku na huku, anamimina. Kulusum akasoma, akamrudishia karatasi zake.

"Hii ni ya watoto," akasema. "Mutu wa sumu angekuwa na chupa ya fuvu, si tungemjua sote?"

Akaanza kuitafuta namna yake. Kila jioni alikuja kwangu na kikombe cha chai, anaonja, ananikabidhi, ananitazama, hasemi kitu. Mimi nakunywa, maana sijawahi kukataa chai. Jioni moja nilipomaliza akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona chai, na sukari haikutosha.

"Dole yangu ilikuwa ndani," akasema.

Na kweli, mwanamke akikabidhi kikombe kilichojaa, dole gumba huzama kidogo ukingoni. Tunawagombeza wasichana wetu kwa hilo kila siku ya Mungu. Kulusum akalichukua kosa hilo dogo la jikoni akaliweka kwenye filamu. Mjane anaonja chai kwanza, anameza, anatabasamu. Anasema, "Karibu, mgeni wangu." Katika kugeuka kukikabidhi kikombe, dole gumba lake lenye hina linashuka ndani ya chai, ukucha tu, kisha linatoka. Sumu imekaa chini ya ukucha. Hakuna muziki, na kamera wala haisogei karibu.

Nilikuwa naye kibandani siku ilipoonyeshwa mara ya kwanza. Watu walikuwa wanapiga kelele zao za kawaida, wanaisemesha filamu, wanatabiri. Dole lilipozama kibanda kikanyamaza, nikasikia jenereta peke yake. Mwanamke aliyekaa mbele yetu alikuwa na soda mkononi. Akaiweka chini taratibu na hakuigusa tena. Kulusum akaniminya goti kwa furaha, akaninong'oneza, "Umeona yule?" Alikuwa na haki ya kufurahi. Kazi ilikuwa nzuri, na kizuri chajiuza.

Kikajiuza mpaka Kampala. Majaji wa huko wakamwita mwigizaji bora wa kike, mmoja wao akasema kwenye kipaza sauti kwamba hajapata kuona mtu anaua kwa ncha ya kidole. Wakampa kinyago cha mwanamke aliyeinua mikono. Akarudi nacho Arua kwenye basi, amekipakata, akakiweka kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya wageni. Wiki ile mlango wake haukufungwa, watu walimiminika. Walikumbatia, walipiga picha na kinyago. Akawapikia. Wakasema wameshiba.

Wa kwanza walikataa kwa utani. "Mama, hilo dole liko wapi leo?" Wanacheka, naye anacheka, sahani inarudi jikoni. Baadaye kicheko kikaisha, kukataa kukabaki. Watu wa arusi wakaanza kumpigia simu kumwambia, mama, tumepata mpishi mwingine, wewe pumzika, wewe sasa ni nyota. Nyota, eti! Nyota inapika nini? Angekuwa ameigiza mwizi, angegeuza mifuko nje watu waone. Lakini filamu ile ilimnyang'anya ushahidi wenyewe. Akionja kwanza na kumeza, kama tunavyofanya tangu enzi za mababu, watu wanatazamana. Hata kwenye filamu si alionja?

Msidhani hawakujua kwamba ni filamu. Walijua vizuri. Wengine walikuwa ndani yake, walilipuka kwa kicheko walipojiona. Ukimuuliza mtu mmoja mmoja atakwambia, Kulusum hana neno, mama wa watu. Lakini mate hayaulizwi. Paska wa nyumba ya pili alinikuta bombani akaniambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikamjibu lililopo ni karatasi za Afedra na mwandiko wake mbaya, na yeye Paska alivyokula pilau ya Kulusum kwenye arusi ya kaka yake, akafunga na nyingine kwenye mfuko, angekuwa wa kwanza kufa. Hatujasalimiana vizuri mpaka leo na sijutii.

Siku iliyomvunja ilikuwa ya Kuluva. Alice, mwenzetu wa miaka, alikuwa amelazwa hospitali huko, na kwa desturi yetu mgonjwa hupelekewa chakula. Kulusum akapika kuku wa mchuzi laini, bila pilipili, akafunga kwa kitambaa. Tukafika, Alice akafurahi kutuona, akamshika mkono. Ndugu zake wakaipokea sufuria kwa mikono miwili, wakaisukuma chini ya kitanda, wakasema atakula baadaye. Tukakaa, tukaongea. Mwuguzi akapita akamuuliza Alice kama ameshakula, Alice akasema bado, ana njaa. Hakuna aliyeinama kuitoa ile sufuria. Kulusum akajifanya anapanga mtandio wake.

Mwezi wa Ramadhani alipeleka futari kwa majirani kama kila mwaka. Vyombo vilirudi vimeoshwa, na ndani vimetiwa embe au sukari kwa adabu, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu. Asubuhi nikawaona mbwa wa mtaa wamelala kivulini, matumbo yamewatuna. Nikawafukuza kwa mawe kabla hajatoka nje akawaona. Alikuwa ameshawaona.

Mimi nilikula. Nilikula asubuhi, nikala jioni, nikanenepa mpaka nikafumua magauni yangu yote nikayashona upya. Nilikula hata nisipokuwa na njaa, kwa hasira. Lakini mpishi aliyelisha mji hashibishwi na mlaji mmoja, na yeye aliujua ugomvi uliokuwa kwenye kijiko changu. "Kevina," aliniambia, "wewe unakula kama mutu anapigana." Nyumba yake ikawa kimya. Ningeweza kusikia kutoka kwenye cherehani yangu anavyoweka kifuniko juu ya sufuria, kisha hakuna sauti nyingine tena.

Sasa Zuhurah akapata mimba.

Zuhurah alikuwa ameolewa Koboko kabla ya "Kikombe cha Mgeni," kwa Isa, kijana mtulivu. Mama yake Isa, Medina, ni Mnubi mwenzao, na siku ya arusi alikula pilau ya Kulusum akalamba vidole mbele ya watu. Na desturi yao ni hii: binti akijifungua, mama yake mzazi huenda kumlisha siku arobaini. Humpikia madida, uji mzito wa mtama wenye samli, unaorudisha damu na kujaza maziwa. Ni kazi ya mama. Hakuna mwingine anayeifanya mama akiwa hai.

Kulusum aliweka roho yake yote hapo. Aliniambia wazi, bila kuzungukazunguka. Mji umekataa mkono wake, sawa, mji ni mji. Lakini binti yake atakula, watu wa Koboko watamwona anakula, anapata nguvu, mtoto ananenepa, na ikifika arobaini mtu yeyote mwenye akili atakuwa amejibiwa. Na wasipojibiwa pia sawa. "Mimi nataka yeye tu," alisema. "Yeye akikula, basi." Afedra alikuwa anampigia simu kila siku kuhusu sehemu ya pili ya filamu. Akamwambia hapana, na asimpigie tena.

Habari ikaja kwamba Zuhurah amejifungua mvulana, wazima wote wawili. Kulusum akanunua samli ya watu wa ng'ombe, akautwanga mtama mwenyewe. Akaja kwangu kuomba mkasi mdogo, akakaa kibarazani akakata kucha mpaka kwenye nyama, vidole vikatoka damu. Na hakupaka hina. Mwanamke wa Kinubi kwenda kwenye uzazi wa bintiye mikono mitupu, bila hina, ni kama amekwenda matangani. Nilimwambia hivyo. Akasema hina ndiyo ilionekana kwenye filamu. Akaniomba nimsindikize, nikafunga cherehani.

Koboko walitupokea vizuri, siwezi kudanganya. Medina alitutandikia mkeka, akatuletea maji, akauliza habari za nyumba, za njia, za afya, kwa urefu wote unaotakiwa. Kwa ajili yangu waliacha Kinubi chao wakasema Kiswahili. Kulusum akasubiri adabu iishe, kisha akaomba kuonyeshwa jiko.

"Mama Zuhurah, wewe ni mgeni leo," Medina akasema. "Mgeni hapana pika. Jikoni watu iko wengi."

"Mimi si mgeni, Mama Isa. Mimi ni mama yake."

"Najua," Medina akasema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Kaa kwanza. Pumzika."

Lakini Kulusum si mtoto. Alikuwa ameipika madida alfajiri akaijaza kwenye chupa ya chai, imefungwa vizuri, bado ya moto. Akaingia nayo chumbani kwa Zuhurah, sisi nyuma yake. Binti alikuwa kitandani, mtoto kifuani, amechoka, mzuri. Akaangua kilio kumwona mama yake. Wakashikana. Kulusum akamtazama mjukuu kwa muda mrefu, akamwombea dua. Kisha akamimina madida kwenye bakuli, akachukua kijiko, akaonja mbele yetu wote, akameza.

"Weka hapo tu," Medina akasema. "Atakunywa."

"Nimekula sasa hivi, mama," Zuhurah akasema. "Nitakunywa baadaye."

Baadaye. Nililijua hilo neno, nililiacha chini ya kitanda Kuluva. Damu ikanipanda. Kulusum akamgeukia Medina, akamwomba kwa heshima awaachie nafasi kidogo, mama na mtoto wake. Medina akasita, kisha akatoka, akarudishia mlango. Tulibaki watatu, na kile kichanga.

"Sasa ametoka," Kulusum akasema taratibu. "Hakuna mutu wa kuogopa. Kunywa, mwanangu, ingali moto."

Zuhurah akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Akaliinua mpaka mdomoni. Nikaona mvuke ukimgusa usoni. Hakunywa. Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye mkono wa mama yake uliokuwa bado hewani, kwenye lile dole lililokatwa ukucha mpaka damu, na yalikaa hapo. Akalishusha bakuli mapajani.

"Mama, mimi nakujua," akasema. "Nakujua kuliko mtu yeyote. Wasiseme mimi sikujui." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Ningekuwa peke yangu ningekunywa. Wallahi ningekunywa. Lakini nanyonyesha. Kinachopita kwangu kinapita kwake."

Si Medina. Njia nzima kutoka Arua tulikuwa tumemwandalia Medina maneno, na kumbe aliyekataa hakuwa Medina. Nilitaka kumpiga kofi yule binti, nasema kweli, na nilitaka pia kumkumbatia, maana alichosema kingeweza kusemwa na mama yeyote mwenye mtoto kifuani.

Kulusum akalichukua bakuli. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na mimi ninayeujua uso ule nilijua kazi aliyokuwa anaifanya. "Umesema vizuri," akamwambia. "Hayo ni maneno ya mama. Mtoto kwanza." Akakaa pembeni ya kitanda akainywa madida ile mwenyewe, yote, kijiko kwa kijiko, mpaka akakwangua chini, na Zuhurah anamtazama. Alipomaliza akasema samli ilikuwa nzuri. Akambusu mtoto miguuni tu, mbali na mdomo.

Tulilala usiku mmoja tu. Kwenye gari la kurudi Arua nilimwambia yaliyonijaa, kwamba wahenga wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na huyu uliyemzaa mwenyewe hata kula hataki. Akaniambia ninyamaze, nisimseme mtoto wake. Karibu na kufika akasema, akitazama dirishani, "Ile kazi mimi nilifanya vizuri sana, Kevina." Hakuwa anajisifu. Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa wake.

Jioni ile ile akampigia Afedra akamwambia atafanya sehemu ya pili.

Niliposikia nilimrukia. Nilimuuliza kama amerogwa, filamu imemlia arusi zake, imemlia majirani, imemlia binti, sasa anaipelekea na mifupa? Alikuwa anapanga vikombe vya wageni kabatini, kile kinyago kikiwa katikati yao na mikono yake juu. Aliniacha nikamaliza. "Wewe kuja ushone nguo za watu wa filamu," akasema. "Afedra anatafuta fundi." Sharti lake kwa Afedra lilikuwa moja, kwamba chakula cha humo apike yeye. Kwa kawaida chakula cha filamu ni kiporo cha kutazamwa, waigizaji wanatafuna hewa. Afedra akakubali, alikuwa tayari kukubali lolote.

Walikuwa wamekodi uwanja wa nyumba moja hapa mjini. Nikakaa na cherehani yangu kwenye kivuli cha ukuta. Kulusum alikuwa amewasha moto tangu asubuhi, nyama ya mbuzi na ugali wa muhogo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliisikia harufu ya arusi. Mgeni wa kuuawa siku hiyo alikuwa Draku, mchomelea vyuma, mtu mkubwa kama mlango, ambaye kitu pekee anachokiogopa duniani ni njaa. Afedra akamwambia ale kweli, asitafune hewa, kamera inajua.

Kulusum akaonja, akameza, akamwekea sahani. Watu wote waliokuwa nyuma ya kamera wakasimama wakimtazama Draku. Draku akaitazama sahani, akamtazama mama, akamega. Akachovya. Akala. Alikula kwa mashavu yote, akanyonya mfupa, akalamba kidole. Kulusum alipaswa kusema, "Karibu, mgeni wangu, ongeza." Alisimama tu, mikono imefumbatana, anamtazama anavyomeza. Maneno hayakutoka.

Afedra akasema kata. Alishangaa. Tangu amjue, mama huyu hajawahi kukosea hata neno.

"Nimesahau, mwanangu," Kulusum akasema. "Tuanze tena."

Sahani lazima ionekane imejaa, kwa hiyo akaijaza upya. Draku akala. Safari hii maneno yalitoka, lakini akatazama upande usiotakiwa. Kata. Akajaza. Draku akala, na mwiko ukamponyoka ukaanguka vumbini. Kata. Hapo nikausimamisha mguu wangu kwenye cherehani. Nimemwona mwanamke huyu akikabidhi chai jioni nzima, siku baada ya siku, bila kumwaga tone. Mkono ule haudondoshi mwiko.

Afedra akaja kwangu pembeni, amefadhaika. "Mama Kevina, ni uzee? Anaanza kusahau?"

Nikamwambia arudi kwenye kamera yake aendelee kupiga, na asiwe na haraka. Sauti yangu haikuwa nzuri, akaondoka. Pale mezani Draku alikuwa amelegeza mkanda. Jasho linamtoka, mafuta yamemfika kwenye kiwiko.

"Mama," akauliza, "nyama iko bado?"

"Iko," Kulusum akasema. "Iko mingi." Akaufuta mwiko kwa upindo wa kanga, akamwongeza.